Mafuta ya alizeti kwa utomvu wa paini: yamesaidia, ila uwe na saa nzima

Nakaa Mafinga, na mashamba ya paini hayako mbali na nyumba yangu. Anayelijua shamba la miti la Sao Hill anajua kuwa miti ikishachanjwa na kufungwa mifuko ya utomvu, chini hapakosi matone. Bobi, mbwa wangu, ndiko anakoshinda. Jumamosi alirudi anachechemea: nyayo za mbele zimeganda, vidole vimeshikana, na katikati mchanga na majani ya paini vimekuwa kama saruji.

Nilianza vibaya, kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Utomvu hauyeyuki kwenye maji, ukazidi kunata. Jirani akaja na kidumu cha mafuta ya taa. Bahati nzuri nilimpigia kwanza afisa mifugo wa kata, akanikatisha: "Mafuta ya taa hapana, na petroli usithubutu! Yanaunguza ngozi, tena mbwa atayaramba. Huna mafuta ya kula?"

Ninayo, alizeti ya kukamuliwa hapa hapa mjini, nusu lita nilinunua 3,000. Nikapaka, nikasugua kwa vidole, nikasubiri kama dakika tano, nikafuta kwa kanga kuukuu. Mara ya kwanza hola. Mara ya pili utomvu ukaanza kulainika. Mara ya tatu ukawa unateleza wenyewe, mchanga ukafuata. Usivute kwa nguvu, mbwa atakuonyesha meno na atakuwa na haki yake. Manyoya yaliyogoma niliyakata taratibu kwa mkasi butu wa shule wa mwanangu (bado hajajua).

Kero yake ni kuyatoa mafuta yenyewe. Nilisuuza harakaharaka, Bobi akachora nyayo za mafuta sebule nzima. Ikabidi nirudie na sabuni ya watoto na maji ya vuguvugu, mara mbili, kisha taulo kati ya vidole mpaka pakauke kabisa, maana kwa baridi ya Julai huku hakuna kinachokauka chenyewe. Aliramba kidogo, hakudhurika. Chupa usimwachie, akinywa mengi ataharisha.

Nayapa nyota nne. Moja nimekata kwa ajili ya sebule.

Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye paini tena. Chupa sasa inakaa kibarazani, pamoja na ile kanga.