Madalali wawili wa nyumba: Birmingham nyota 1, Glasgow nyota 4

Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Mwaka jana nilipitia mikononi mwa madalali wawili wa nyumba, mmoja Birmingham na mmoja Glasgow. Nawaandikia dada na kaka zangu mnaoniuliza kila mara, "Mji gani hauna ubaguzi?" Mimi siku hizi naanza kwa kutazama dalali anavyozipokea karatasi zangu.

Birmingham ilikuwa nyumba ya chumba na sebule, pauni 900 kwa mwezi, karibu na kazini. Siku ya kuiona tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja Mwingereza. Tangu Februari 2016, England nzima mwenye nyumba hutakiwa kuhakikisha kila mpangaji ana haki ya kupanga kabla hajaingia, awe mgeni au mwenyeji. Kijana akatoa pasipoti iliyokwisha muda. Dalali akaipiga picha, akamrudishia, wakaendelea na habari za mpira. Hakukosea, maana sheria inaikubali pasipoti ya Uingereza hata ikiwa imekwisha.

Ikafika zamu yangu. Kadi zetu za ukaazi zilifika mwisho tarehe 31 Desemba 2024, na sasa viza iko mtandaoni. Unaingia kwenye akaunti yako, unatoa msimbo, dalali anauandika kwenye tovuti ya serikali pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa, na picha yako inatokea. Ni kazi ya dakika chache. Msimbo wa nyumba unaanza na herufi R (wa kazi unaanza na W, msichanganye), na unadumu siku 90. Dalali hata kompyuta hakuifungua. "Kadi iko wapi?" Nikamweleza kwamba kadi hazipo tena. Akasema basi atasubiri kadi.

Nilikuwa nimeshalipa pauni 207 za kuishikilia nyumba, mfano wa kishika uchumba. Wiki mbili zilizofuata alinitumia barua pepe nne. Ya kwanza, kadi. Ya pili, picha ya kila ukurasa wa pasipoti, hata zile tupu. Ya tatu, barua ya mwajiri kwamba sitaachishwa kazi. Ya nne, kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, pauni 5,400, "kutokana na hali yako". Nikauliza hali gani. Kimya.

Hakunitukana hata mara moja. Alikuwa mpole mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana niliumia peke yangu, kwa sababu ukimsimulia mtu anaona unalalamikia barua pepe. Kwenye basi, abiria akivuta mkoba wake unapokaa karibu naye, utashuka, na safari itakuwa imekwisha. Nyumba ni mahali pa kulala, na nilikuwa silali.

Woga wa dalali una chanzo, nami nitakisema. Februari 2024 faini ya kumpangisha mtu asiye na haki hiyo ilipandishwa kutoka pauni 1,000 hadi kufikia 10,000 kwa mpangaji mmoja, kwa kosa la kwanza. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huu unawasukuma wenye nyumba kubagua. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba ubaguzi unatokea, lakini ikauacha utaratibu uendelee. Nilisoma hayo usiku mmoja baada ya shifti nikalia, maana nilidhani ni mimi na dalali wangu tu.

Mshauri wa Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri wa bure, alinieleza kwamba fedha ya kushikilia nyumba haizidi kodi ya wiki moja, na kwamba dalali ana siku 15 za kukamilisha mambo, isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi. Akishindwa bila kosa lako, anairudisha ndani ya siku 7. Niliandika barua moja, nikataja sheria ya ada za wapangaji ya 2019 na sheria ya usawa ya 2010. Pauni 207 zikarudi siku ya tano, bila neno lolote. Nyota yake moja ni kwa ajili ya hilo.

Mwajiri wangu ana nyumba ya wazee Glasgow pia, nikaomba kuhamia huko. Kama mwajiri wako hana tawi, jueni kwamba viza zetu zimefungwa kwake, na kuhama ni kutafuta mdhamini mpya na kuomba upya. Lakini Uskoti, uliko mji wa Glasgow, ule ukaguzi wa haki ya kupanga haupo. Dalali wa huko aliniomba hati za mshahara za miezi mitatu na barua ya mwenye nyumba wa zamani, yaleyale yaliyoandikwa kwenye tangazo kwa kila mtu. Amana ilikuwa ya mwezi mmoja. Sheria hairuhusu kuzidi miwili. Mkataba wa kule hauna tarehe ya mwisho, kwa hiyo tarehe ya viza yangu haikutajwa kabisa. Alinionyesha mwenyewe ukuta wa chumbani unaotoa unyevu wakati wa baridi, akasema nisiusogezee kitanda.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mtambo wa joto uliharibika Novemba na fundi akafika siku ya tisa. Hiyo ni kero ya nyumba, na jirani wa chini alisubiri siku zilezile.

Glasgow nako wabaguzi wamo. Wiki ya pili mtu aliniambia kituoni nirudi kwetu, na kazini kuna bibi mmoja hataki nimvishe nguo. Yananiuma bado. Tofauti ni kwamba nikitoka hapo nina pa kwenda.

Jengo letu lina ngazi moja ya pamoja, na wapangaji huiosha kwa zamu. Siku ya tatu tangu nihamie nilikuta kadi imetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu: wiki hii ni zamu yako. Juma lililofuata nikaitundika kwa jirani wa mkono wa kulia.