Vikundi viwili vya afya ya akili Sinza: cha Jumatano na cha Jumamosi

Kwa anayetafuta kikundi cha afya ya akili Dar es Salaam, kwa ajili yake au ya ndugu yake, kituo hiki cha Sinza kinafaa, ila siku ya kwenda ichague kwa makini. Jina la kituo tunaliacha makusudi: wanakikundi ni wachache, na kwa nyumba za Sinza zilivyobanana, kutaja geti ni kuwataja wao.

Cha Jumatano kinaongozwa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayetibu kwa kumpa mtu kazi na shughuli za kila siku, cha Jumamosi na mwanasaikolojia. Kila kimoja kinachukua watu 8, kikao ni dakika 90, mzunguko ni wiki 8, na ukishaanza haingii mtu mpya. Kabla ya kupokelewa, kila mmoja anakaa faragha na kiongozi kwa karibu nusu saa. Hatua hiyo ndiyo inayolinda kikundi. Mtu ambaye kwa sasa halali usiku, anaongea mfululizo na hawezi kutulia kitini, au anayesikia sauti zinazomwamuru, hutibiwa kwanza peke yake. Akipata nafuu ndipo anaingia.

Jumatano ndiyo yenye ufundi. Chukua kikao cha sambusa. Manda zimenunuliwa tayari, nyama ya kusaga imeshapikwa na kupoa, kila mtu ana manda 5. Gundi ya unga wa ngano iko kwenye vibakuli 4 kwa watu 8, na hapo pana kusudi: usipomwomba jirani bakuli, sambusa yako haifungiki. Mtu aliyejifungia ndani miezi bila kusema na mtu anajikuta anatamka, "Dada, naomba hiyo gundi," na dada anamsogezea. Anne Mosey, Mmarekani wa fani hii, alivipanga vikundi kwa ngazi, kuanzia watu waliokaa pamoja huku kila mmoja akifanya yake, hadi wanaogawana kazi na kusuluhishana wenyewe. Vibakuli vile vinawapandisha ngazi bila hotuba yoyote.

Anayetetemeka mikono kwa sababu ya dawa, haloperidol kwa mfano, halazimishwi kukunja pembe. Anajaza nyama kwa kijiko, au anapewa manda ambayo mkunjo wa kwanza umeshafanywa. Anayepotewa na hatua anawekewa mbele sambusa tatu za mfano, kila moja imesimamishwa kwenye hatua yake. Kazi ikiwa ngumu mno mtu anaacha. Ikiwa nyepesi mno anajiona amefanywa mtoto. Kiongozi wa Jumatano anaijua mizani hiyo.

Anapokosea ni kwenye muda. Wanakunja, halafu wanakaanga, na kukaanga kunakula kikao chote. Zinabaki dakika 10 za mazungumzo, watu wanatafuna, kisha kwaheri. Shughuli isingezidi theluthi ya muda, yaani dakika 30 kati ya 90. Sehemu inayotibu inakuja baada yake: kila mtu aeleze alichofanya, kilichomkera au kumfurahisha ni nini, hali hiyo humtokea wapi kwingine, na wiki hii atakifanyia kazi wapi. Aliyeshindwa kuomba gundi huenda ndiye anayeshindwa kumwomba mwajiri ruhusa ya kwenda kliniki. Asipoulizwa, ataondoka na sambusa tu. Dawa yake ni rahisi: wakunje kikundini, kukaanga kufanywe na mtu mwingine jikoni wao wakizungumza.

Jumamosi inatumia tiba ya fikra na tabia, iliyoanzishwa na Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960. Karatasi ya kujaza nyumbani ina safu tatu: tukio, wazo lililopita kichwani, hisia iliyofuata. Kwa mwenye sonona aliyezoea kuandika, inasaidia kweli. Baada ya wiki chache anaanza kulikamata wazo la "mimi ni mzigo kwao" kabla halijamlaza kitandani. Asiyependa kuandika anarudi na karatasi nyeupe na aibu juu yake. Angeruhusiwa kujirekodi kwa simu, sauti ya nusu dakika, angeenda sawa na wenzake.

Tatizo kubwa la Jumamosi ni kiongozi kumshauri mtu mmoja mbele ya saba wanaosikiliza. Huo ni unasihi wa mtu mmoja wenye watazamaji. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani aliyeandika sana juu ya tiba ya vikundi, alieleza wazi kwamba mojawapo ya nguvu za kikundi ni mtu kugundua hayuko peke yake, na ugunduzi huo hautoki kinywani mwa mtaalamu. Swali lirushwe kwa wengine: "Nani hapa ameshapitia hali kama hii?" Halafu kiongozi anyamaze, hata ukimya ukiwa mzito.

Anastahili sifa kwa jambo moja linalotuhusu sana huku kwetu. Mzunguko wa kuongea anauanzia kwa vijana. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee akitangulia kusema, vijana wote watasema "kama alivyosema mzee," na kikao kimekwisha hapo. Na mwanakikundi anayejibu kila shida kwa "tumwombee tu" hakatizwi. Anaulizwa, pamoja na maombi, Jumatatu asubuhi mwenzetu aanze na lipi.

Kasoro isiyovumilika ni ya PHQ-9, dodoso la kupima sonona. Lina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, na la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Jumamosi fomu zinakusanywa na kwenda kwenye faili. Swali hilo lisomwe mtu akiwa bado chumbani, na yeyote ambaye jibu lake si 0 abaki azungumze na kiongozi faragha kabla ya kutoka. Hapa hakuna cha kusubiri wiki ijayo.

Kikundi chao cha WhatsApp ni cha kupeana taarifa za ratiba, jambo zuri, lakini kila mtu anaona namba na picha za wenzake. Orodha ya matangazo (broadcast list), ambayo kila mtu hupokea ujumbe peke yake, ingetosha. Mlango unafungwa dakika 15 baada ya kuanza, kwa hiyo siku ya mvua, barabara ya Shekilango ikifunga kwa foleni, toka nyumbani mapema.

Ndugu mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) aliyetulia, au anayetaka kurudi kazini, mpeleke Jumatano. Mwenye sonona au wasiwasi, anayependa kueleza mambo yake, aende Jumamosi, na siku ya kupokelewa amuulize kiongozi fomu ya PHQ-9 inasomwa saa ngapi.