Chama cha wafanyakazi baada ya mwaka mmoja: nyota 3.5 kati ya 5

Nimetimiza mwaka mmoja nikiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kazini kwetu, na kwa vile ada inakatwa kila mwezi kwenye mshahara basi acha niipe nyota zake kama huduma nyingine yoyote.

Kwanza ile niliyokuwa natumia zamani, sanduku la maoni. Nyota sifuri. Limepigiliwa ukutani karibu na choo, lina kakufuli, na funguo anatembea nazo supavaiza yuleyule tunayemlalamikia 😂 niliandika mara mbili kuhusu shifti kubadilishwa kwa meseji saa nne usiku wakati asubuhi yake unatakiwa uwe kazini, kimya. Nikaamua kwenda ofisini mwenyewe, nikaambiwa "mbona wenzako wote wameridhika, ni wewe tu". Nikatoka najiona mkorofi kwelikweli.

Kumbe kila mtu alishaambiwa ni yeye tu! Tulijua siku moja tunakula, mmoja kalalamika, mwingine kadakia, wa tatu kasema hata mimi, meza nzima ikabaki inaangaliana. Watu wanadhani tunajiunga kwa ajili ya hela, sikatai hela imo, ila mimi kilichonipeleka ni hiyo "ni wewe tu".

Kujiunga kwenyewe ilikuwa kwa woga, fomu tunapitishiana chini ya meza kama majibu ya mtihani. Mwakilishi anatutuliza, eti kuna Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaokataza mtu kufukuzwa kisa ni mwanachama. Sawa, lakini ile karatasi haitakuwepo getini siku mlinzi anakuambia jina lako halipo, kwa hiyo wengi tulisubiri tuwe wengi ndo tukasaini.

Faida nimeziona. Ratiba sasa inabandikwa wiki moja kabla, na ukiitwa kikao cha nidhamu unaingia na mwakilishi, hakuna tena kusainishwa barua ukiwa peke yako unatetemeka. Hilo tu linarudisha ada yangu. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, bado wanavutana, huko sina la kusema.

Ubaya sasa. Vikao vinachelewa kuanza, katibu akishika maiki haachii, na kama sio msimu wa uchaguzi wao simu inaita mpaka inakata. Halafu mapato na matumizi hatujawahi kusomewa hata siku moja, yaani bosi tunamdai uwazi huku kwetu wenyewe giza. Wakisoma hesabu naongeza nyota, wakileta longolongo napunguza.