Cutechess-cli: refa wa vigezo vyako vya sataranji

Umepandisha thamani ya maaskofu wawili, yaani alama ambazo programu yako humpa mwenye maaskofu wote wawili, kutoka 30 hadi 45. Programu yako ya sataranji imeimarika au imeharibika? Michezo 100 haisemi kitu: hata nusu yake ikiisha sare, jibu linayumba kama Elo (alama za nguvu ya mchezaji) 48 juu au chini. Michezo 1,000 bado inayumba Elo 15 hivi. Hapo ndipo Cutechess-cli, refa wa bure wa kwenye taminali, anapoonyesha thamani yake.

Kila upande mpe `tc=10+0.1`, yaani sekunde 10 na nyongeza ya sehemu ya kumi ya sekunde kila hatua, pamoja na `option.Hash=16`, yaani megabaiti 16 za kumbukumbu. Kisha `-games 2 -repeat`, ili kila ufunguzi uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi, na `-sprt elo0=0 elo1=5 alpha=0.05 beta=0.05`, kipimo cha takwimu kinachopima ushahidi mchezo baada ya mchezo: badiliko halina faida (Elo 0) au linaongeza Elo 5? Kipimo kikifika 2.94, badiliko limepita. Kikishuka hadi -2.94, litupe. Usisimamishe katikati eti kwa sababu unaongoza.

Faili la ufunguzi usilisahau, la sivyo programu hizo mbili zitarudiarudia michezo ileile. `-concurrency`, idadi ya michezo inayochezwa kwa wakati mmoja, isizidi viini vya prosesa. Ukizidisha utaona vipigo vya kuishiwa muda, na hivyo havihusiani na vigezo vyako. Mtego mbaya zaidi ni huu: ukikosea herufi moja katika `option.BishopPair=45`, unapata onyo la mstari mmoja tu, mechi inaendelea, na usiku kucha umepambanisha pacha na pacha. `-recover` nayo huiwasha upya programu iliyoanguka, kwa hiyo kagua asubuhi faili la `-pgnout`, lenye kumbukumbu za michezo, usije ukakosa kuona ilipoanguka.

Kasoro? Refa huyu hakutafutii thamani. Kwa vigezo 300 tumia kwanza njia ya Texel, aliyoieleza Peter Österlund, mtunzi wa programu ya sataranji ya jina hilo, mwaka 2014: hali za ubao zenye matokeo yanayojulikana, alama zigeuzwe kuwa uwezekano wa kushinda, kisha punguza wastani wa mraba wa kosa. Chuja hali ambazo kete iko karibu kuliwa, maana hizo hufundisha uongo. Na kosa likipungua usishangilie bado. Wakati mwingine linapungua na Elo inashuka nalo. Peleka thamani mpya kwa refa.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeliwa na lile onyo la mstari mmoja.