Tathmini: Kijisehemu B cha Sumu ya Kipindupindu kama Kitambuzi cha GM1 kwenye Seli za Ubongo Unaokua

Kijisehemu B cha sumu ya kipindupindu, kikiwa kimeunganishwa na rangi inayong'aa, huuzwa kwenye vichupa vidogo kama unga mkavu, na karatasi ya maelezo iliyokuja na kichupa changu inadai kwamba kinashika GM1 peke yake, ambayo ni aina moja ya gangliosaidi, yaani lipidi zenye minyororo ya sukari zilizomo kwenye utando wa seli. Nimekitumia kwenye seli za neva zinazokuzwa maabarani, kuanzia zinapochipua matawi ya kwanza hadi zinapoungana, na nakipa sifa kubwa kwa kazi moja, nayo ni kuonyesha mahali GM1 ilipo kwenye utando wa seli hai. Kwa kazi ya pili ambayo wengi hukinunulia, yaani kupima kiasi cha gangliosaidi katika kila hatua ya ukuaji, hakifai kutegemewa peke yake.

Kijisehemu hiki ni protini tano zinazofanana zilizojipanga duara. Sehemu A, ambayo ndiyo yenye madhara, haimo, kwa hiyo seli hazidhuriki. Hata hivyo nashauri kununua kile kinachotengenezwa kwa bakteria waliopandikizwa jeni ya kijisehemu B pekee, kwa sababu kinachochujwa kutoka kwenye sumu kamili huweza kubaki na chembe za A, ambazo hata zikiwa chache huchochea mawasiliano ya ndani ya seli na kuvuruga ukuaji uleule unaochunguzwa. Seli zikipozwa juu ya barafu kabla ya kutiwa rangi, mwanga hukaa ukingoni tu, mstari mwembamba unaofuata kila tawi hadi kwenye ncha yake. Zikirudishwa kwenye nyuzi 37, mstari hufifia na doa huanza kukusanyika kando ya kiini, lilipo Golgi (sehemu ya seli inayopanga na kusafirisha protini na lipidi), kwa kuwa seli imekimeza kijisehemu pamoja na GM1 iliyoshikwa. Anayetaka picha ya utando asiziondoe seli kwenye barafu mapema.

Hapo ndipo sifa zinapokoma na tahadhari kuanza. Kwa kuwa kila duara huweza kushika molekuli tano za GM1 kwa pamoja, huzivuta zikakaribiana, na madoa yanayoonekana huenda yametengenezwa na rangi yenyewe. Formalini haiondoi hofu hiyo, maana hufunga protini na kuziacha gangliosaidi zikiendelea kutembea ndani ya utando. Jambo lililonisikitisha zaidi ni kwamba karatasi ya muuzaji inapendekeza Triton X-100 ya kutoboa utando, ilhali sabuni hiyo, sawa na methanoli, huyeyusha na kuondoa lipidi zilezile zinazotafutwa. Saponini, sabuni laini zaidi itokayo kwenye mimea, kidogo inatosha, na kwa utando wa nje haihitajiki sabuni yoyote. Vipande vya ubongo vilivyopitishwa kwenye alkoholi na kugandishwa ndani ya nta vimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya gangliosaidi kabla rangi haijavifikia.

Ama dai la kushika GM1 peke yake, si sahihi. Kijisehemu hushika pia gangliosaidi nyingine, GD1b, ingawa kwa nguvu ndogo, pamoja na GM1 iliyoongezewa sukari ya fukosi. Kipimo cha haki ni seli za panya wasio na jeni ya B4galnt1, ambao hawawezi kutengeneza GM1 kabisa: mwanga wowote unaobaki kwenye seli hizo unatoka kwingine. Sikuona data ya namna hiyo katika maelezo ya bidhaa, na muuzaji makini angeiweka mbele.

Kwa mtafiti wa ukuaji kuna suala zito zaidi. Katika ubongo wa kiinitete gangliosaidi zinazotawala ni zile sahili, GM3 na GD3; kadiri seli za neva zinavyokomaa, vimeng'enya hubadilika na nafasi yao huchukuliwa na GM1, GD1a, GD1b na GT1b. Mbili kati ya hizo, GD1a na GT1b, ni nyingi sana kwenye ubongo uliokomaa, na kijisehemu hiki karibu hakizioni. Kuna njia nzuri ya kulikabili hilo: sahani moja ya seli itiwe sialidasi ya Vibrio cholerae, kimeng'enya ambacho hukata asidi za sialiki (sukari zenye asidi) za ziada kwenye gangliosaidi hizo na kuacha GM1, kisha ilinganishwe na sahani isiyotiwa. Ongezeko la mwanga linaashiria akiba iliyokuwa imefichika, na kwangu hilo ndilo tumizi bora kuliko yote ya bidhaa hii. Kiasi kamili kitafutwe kwa kromatografia ya tabaka jembamba au spektrometa ya masi.

Anayechunguza seli shina za neva asianze na kichupa hiki. Huko GD3 ndiyo kuu, na antibodi R24, inayoishika GD3, itamfaa zaidi.