Kuvua Alfajiri La Paz, Meksiko: Uzoefu Wangu na Boti ya Kukodi

Huduma ninayoieleza hapa ni ya boti ndogo ya kukodi pamoja na nahodha wake, kwa ajili ya kuvua kwa mshipi kati ya rasi ya Baja California na kisiwa cha Cerralvo. Serikali ilikibadilisha jina kisiwa hicho mwaka 2009 kikawa Jacques Cousteau, lakini pale ufukweni sikumsikia mvuvi hata mmoja akikiita hivyo. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu kabla ya safari niliambiwa na watu wengi, baadhi yao wakiwa wamewahi kufika huko, kwamba Wameksiko hawajali saa na kwamba nijiandae kungojeshwa. Maneno hayo si ya haki, na kwa mvuvi wa Baja ni kumvunjia heshima.

Tulipatana kuondoka La Paz saa kumi na nusu alfajiri, kwani kutoka mjini hadi ufukwe wa Ensenada de Muertos ni mwendo wa karibu saa nzima kwa gari. Muda huo ulipokaribia, taa za gari zilikuwa zimekwisha kumulika lango la nyumba tuliyofikia, na dereva, ambaye ni mpwa wa nahodha, alikuwa nje akizifunga fimbo za kuvulia. Alituamkia kwa upole, akauliza kama kila mmoja amebeba maji na kofia, kisha akaondoa gari bila kupoteza dakika. Tulipofika, kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, nahodha alikuwa amekwisha kujaza mafuta, amejaribu mashine, na boti yake ya faiba isiyo na paa ilikuwa tayari majini.

Haraka ile ina sababu, na ya kwanza ni chambo. Kabla ya jua kuchomoza, vijana wenye makimia huvua dagaa karibu na pwani na kuwauzia manahodha wakiwa hai. Tulisogea ubavuni mwa boti yao. Kijana mmoja akachota dagaa kwa wavu wenye mpini, akawamimina ndani ya tangi letu linalopitisha maji ya bahari, na nahodha akainama na tochi kichwani, akawatoa mmoja mmoja wale waliopoteza magamba. Alinieleza kwamba dagaa aliyechubuka hafi papo hapo, bali huogelea kwa ulegevu, na samaki mkubwa humpuuza. Anayefika mapema huchagua. Anayechelewa hupokea mabaki, na siku nyingine hakuna hata mabaki. Sababu ya pili ni upepo. Asubuhi bahari ile hulala shwari, lakini kuelekea adhuhuri upepo huanza kupanda, na boti iliyo wazi si mahali pa kuwa mawimbi yanapokatika. Kati ya Novemba na Machi upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu hata ukawafungia wavuvi nchi kavu, ndiyo maana ninamshauri anayetaka kuvua aende miezi ya joto.

Kuhusu uvuvi wenyewe sina lawama. Tulipata dorado, ambao wavuvi wa pwani yetu huwaita faluusi, na nahodha alisimamisha kazi mara tulipofikia kiwango cha sheria cha wawili kwa kila mvuvi kwa siku, ingawa walikuwa bado wanafuata chambo hadi ubavuni mwa boti. Uaminifu huo ninauthamini kuliko samaki wenyewe.

Sasa, nahodha huyo huyo alitualika nyumbani kwake Jumapili kwa chakula cha saa nane mchana. Mpwa wake alitushauri kwa siri tusifike kabla ya saa tisa, na ushauri huo ulikuwa wa maana, kwa sababu tulipofika mama mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza anatia mkaa, na ndugu na majirani waliendelea kuingia mpaka saa kumi na moja bila yeyote kuomba radhi wala kuulizwa. Msomaji aliyezoea kadi zetu za harusi hatashangaa. Kwa desturi ya kule, kumpigia mwenyeji hodi saa ile ile aliyoitaja ni kumkuta hajajiandaa na kumwaibisha. Kwa hiyo asemaye kwamba watu hawa hawajui saa ameuona upande wa nyumbani tu. Mtu mmoja anaweza kuwa mkali wa dakika panapo hasara ya kweli, na mkarimu wa muda panapo watu wa kukaa nao, na mimi sioni ubaya wowote katika hilo.

Lawama yangu iko kwa wakala aliyetuuzia safari. Niliuliza mapema kama bei inajumuisha leseni ya uvuvi, ambayo sheria inamtaka kila mtu anayevua kutoka botini awe nayo, nikajibiwa mara kwa mara kwamba nitapewa jibu kesho. Jibu halikuja, na ni nahodha aliyetukatia leseni usiku wa kuamkia safari. Mgeni afanye mapatano na nahodha mwenyewe kwa simu, na athibitishe kwa saa za Baja California Sur, jimbo ambalo La Paz imo, ambazo ziko nyuma ya Mexico City kwa saa moja. Meksiko iliacha kubadilisha saa za majira ya joto mwaka 2022 isipokuwa katika maeneo machache, hasa ya mpakani, hivyo anayetokea Marekani asitegemee hesabu ya zamani. Bakshishi ya nahodha haimo katika bei. Itengwe kando kwa fedha taslimu, na mpwa anayesafisha samaki ufukweni apewe yake.