TAHADHARI: Yule muuza seti za jahazi wa Mombasa ni tapeli, msimtumie hata shilingi

Jamaa wa kuunda vyombo vidogo vya mbao vya mfano, someni hii mpaka mwisho, na mwenye ndugu au mtoto anayetaka kuanza kuunda amfikishie leo. Yule wa masanduku meupe yenye vipande vya jahazi la kujiundia nyumbani, yule yule mliyekuwa mkisifiana kwamba hatimaye mbao nzuri zapatikana hapa hapa bila kuagiza ng'ambo, ni mwizi. Sisemi ni fundi aliyekosea vipimo. Sisemi aliletewa mzigo mbovu naye akauza bila kujua. Amekaa akapanga, na ushahidi umo ndani ya sanduku lenyewe. Shilingi 14,500 za seti, na 3,000 juu yake za "vifaa vya shaba vilivyokwama kwa ushuru", na kilichobaki mezani ni kuni za kuchemshia chai.

Nieleze alivyofanya, kwa sababu hila yote iko hapo na wengi watauziwa vile vile.

Anakuja na masanduku mawili. Moja li wazi, kifuniko kimelegea. La pili limezungushwa nailoni na utepe pande zote. Lile wazi analiweka mezani, anatoa fungu la mbao, anafungua uzi na kusema, "Pima mwenyewe, shekhe." Kalipa, kile kipimio cha unene, inaonyesha milimita 1.5 kwa 5, ubao baada ya ubao, hazipishani hata sehemu moja ya kumi. Halafu za tabaka la pili, lile la nje, mjozi wa kweli, nusu milimita, rangi imeingia mpaka ndani, nyuzi zimenyooka kutoka ncha hadi ncha. Akaomba maji moto. Akatumbukiza ukanda mmoja, akauacha kama robo saa huku mazungumzo yakiendelea, kisha akauzungusha kwenye gilasi. Ukazunguka bila kuchanika wala kuinua nyuzi. Akaufunga kwa mpira, akauacha pale ukauke, umbo likashika.

Na maneno yake! Hakutaja kitu kwa kubahatisha. Mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake), fashini (mti unaosimama kwenye ncha ya mkuku), foromali (mti unaobeba tanga), kila kimoja mahali pake. Alisema ubao ukiupiga upande wa kulia, wa pili uupige kushoto, upande kwa upande, la sivyo gundi ikikauka itavuta na mkuku utapinda. Alisema tumia gundi nyeupe ya mbao, supaglu iwe ya kushikiza tu, maana ikikauka huwa ngumu na kukatika, na ikimwagika inaacha alama ambazo vanishi haizifichi. Alisema mataruma yachongwe pembeni kwa mshazari kabla ya kupiga ubao wa kwanza, ubao ulale kwa upana wote, usishike kwa ncha. Yote hayo ni kweli tupu. Mtu asiyejua kazi hawezi kuyasema kwa mpangilio ule.

Najua watu watauliza: ninyi mnaojua mbao mliibiwaje? Basi ndiyo hivyo. Aliwapiga wanaojua kwa sababu alijua wanachopima, akakiweka juu. Bei nayo haikuwa ya kutupwa. Angesema 5,000 kila mtu angeshtuka. Na hakuomba pesa kabla, alisema ona kwanza, lipa baadaye. Nani angemshuku mtu wa namna hiyo? Wapo walionunua na mpaka leo wamenyamaza kwa aibu, na hiyo aibu ndiyo inayomlisha.

Pesa zikishaingia, analifunika lile sanduku wazi na kulirudisha mkobani. "Hii ni sampuli ya kuonyesha wateja. Chukua hii iliyofungwa, haijaguswa. Lakini usiifungue njiani, unyevu wa Mombasa utaziharibu mbao kabla hujafika. Iache nyumbani siku kadhaa izoee hewa." Sikieni ujanja huo. Ni kweli mbao huachwa zizoee hewa ya chumba, na ni kweli huku pwani unyevu ni adui. Lakini mbao huzoezwa zikiwa wazi, zimelazwa juu ya ubao ulionyooka na kuwekewa uzito, si ndani ya nailoni. Nailoni inafungia unyevu ndani, mbao zinaota ukungu na plaiwudi inapinda. Yeye haja yake ni zile siku kadhaa tu, awe ameshazima simu.

Sasa yaliyomo. Seti inauzwa kuwa ya kipimo cha 1:30, jahazi la mita 18 likawa sentimita 60.

Mkuku: ukiulaza juu ya kioo, katikati unaacha mwanga wa milimita 4. Chombo cha sentimita 60 hakiwezi kusimama juu ya mkuku kama huo. Hata ukiunyoosha kwa mvuke na uzito, plaiwudi hafifu hurudia kupinda mvua za masika zikianza.

Mataruma: yako 13, na nafasi za kuyapachika zimekatwa kwa plaiwudi ya milimita 5. Plaiwudi aliyotumia ni ile iuzwayo kama ya 4, ambayo kalipa inaipima 3.6. Kila taruma lina uwazi wa milimita 1.4, kwa hiyo hili linaegemea omo (mbele), lile linaegemea tezi (nyuma), na ukifika la 13 mstari wa sitaha umekuwa mawimbi. Tena hayalingani kushoto na kulia. Chora taruma la katikati juu ya karatasi nyembamba, ligeuze, lilaze juu ya mchoro: linapishana milimita 2. Jahazi litakuwa na tumbo upande mmoja. Michoro hiyo imeibwa mahali, ikanakiliwa na mtu asiyejali.

Mbao ndizo zinaniuma zaidi. Mbao sita za juu ya kila fungu ni halisi. Zilizobaki ni paini ya makasha ya mizigo iliyopasuliwa na kupakwa rangi ya kahawia. Piga msasa namba 240 mara moja, weupe unatoka. Ziloweke, maji yanakuwa chai ya rangi. Unene unacheza kutoka 1.2 mpaka 1.9, kwa hiyo ukizipanga ubavuni zinatoka ngazi ngazi, na ukisaga msasa kuzilinganisha unatoboa zile nyembamba. Nyuzi zinakatiza kwa mshazari badala ya kwenda na urefu, na ndiyo maana zinapasuka pale pale zinapoanza kukunja kuelekea omo, hata ukizichemsha. Rangi yenyewe ni ya mafuta. Imeziba vinyweleo vya mbao na gundi nyeupe haishiki. Kesho yake unauinua ubao kwa kucha.

Tuseme hata zingekuwa nzuri. Taruma la katikati, kutoka sitaha mpaka mkuku, lina milimita 140. Gawa kwa 5, unapata mbao 28 upande mmoja, 56 pande mbili, 112 kwa matabaka mawili. Ongeza sehemu ya kumi kwa zinazovunjika, unahitaji kama 123. Sandukuni mna 80. Na urefu wake ni sentimita 50, ilhali chombo ni cha 60 na ubao unafuata mbinuko wa ubavu, hivyo wahitaji hata zaidi ya hapo. Kuunga si dhambi, majahazi yenyewe huungwa, lakini kiungo lazima kikae juu ya taruma, na viungo vya mbao jirani visipangane. Ukianza kukata ili viungo viangukie kwenye mataruma, 80 zinazidi kupungua.

Ramani ni fotokopi ya fotokopi. Ule mstari wa kipimo unaosema milimita 100, weka rula: ni 94. Foromali ya sentimita 60 ukiipima kwenye ramani utaikata 56.4, na tanga halitalingana na mlingoti. Mwenye ramani hiyo akainakili upya kwa asilimia 106.4 kabla hajakata kitu chochote.

Kamba ni mshipi wa kuvulia uliochovywa rangi. Unateleza kwenye fundo na unavutika, henza, ile kamba ya kupandishia foromali, ukiikaza leo wiki ijayo foromali imeshuka. Kapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba, ni plastiki, nyingine tundu halikupenya. Tanga ni kitambaa cha marekani, kizito, ambacho kwa 1:30 kinakaa kama turubai. Bafta au poplini ndiyo ingefaa.

Na vijiti vya mlingoti vitazameni leo leo, hata kama hamjafungua kingine. Vina vitundu vya milimita moja au mbili na unga mwembamba unaanguka ukivigonga. Hao ni fukusi. Vitoeni nyumbani mvichome, kisha kagueni mbao nyingine zote zilizokaa karibu navyo, hasa mbao ngumu zenye sehemu nyeupe. Mtu ana akiba ya mvule na msaji aliyoiweka miaka, halafu huyu mshenzi anamwingizia wadudu ndani kwa pesa yake mwenyewe!

Hajatosheka. Sasa ametangaza "seti ya mtepe" kwa picha ya chombo chenye tanga la pembetatu na vichwa vya misumari ubavuni. Mtepe, chombo cha kale cha pwani, ulishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Yaani hata kudanganya hajisumbui tena. Pia anachukua amana ya 5,000 kwa "meli ya Wareno ya Fort Jesus, ramani kamili na matanga kutoka chini ya bahari". Meli yenyewe, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, ikachimbuliwa kati ya 1977 na 1980, na kilichokutwa ni sehemu ya kiwiliwili. Milingoti na matanga hayakungoja chini ya maji miaka karibu 280. Anayekuuzia ramani ya matanga yaliyotoka humo anakuuzia uongo.

Dalili nyingine, kwa haraka: anataka pesa ziende kwa namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea si lile alilojitambulisha. Hakubali sanduku lililofungwa lifunguliwe mbele yake. Hakubali kukuuzia lile lililo wazi, hata ukiongeza bei. Picha za vyombo "vilivyokamilika" hazina hata moja inayoonyesha ndani kabla ya sitaha kuwekwa. Hana karakana ya kwenda kuona.

Huyu anastahili kukamatwa, na asiachiliwe kwa kurudisha nusu ya pesa. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejipatia mali kwa udanganyifu anaweza kufungwa miaka 3, na mimi naiona michache kwa mtu aliyewaibia hata vijana wa shule waliokuwa wakijichangia. Afungwe! Zile mbao sita sita za juu zinatosha kumfunga, maana aliyekosea hachagui nzuri akazipanga juu ya kila fungu. Na wale wanaomtetea kwamba "kijana anajitafutia" waache. Wapo mafundi waaminifu hapa mjini wanaopasua mbao kwa jasho lao, na sasa wateja wanawaogopa kwa ajili yake.

Uliyetuma pesa sasa hivi na umeshtuka, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba zirudishwe, kabla hajazitoa. Waliokwisha kupigwa, tuandikishe OB (kitabu cha matukio) kituo cha polisi cha Central, kila mtu na namba yake, tusiende mmoja mmoja tukaambiwa ni deni la watu wawili. Hifadhini ujumbe wa malipo na mazungumzo yote. Sanduku lipigwe picha jinsi mbao zilivyopangwa, fungu kwa fungu, kabla hamjazichambua, na vile vijiti vipigwe picha kabla havijachomwa. Ameanza kuwapigia watu simu akiahidi kubadilisha, "leta tu sanduku nikupe jingine". Msimpelekee. Anataka ushahidi wake urudi mkononi mwake.